Kuchonga na kuchapa kipande cha vita vya Mfalme Qianlong kwa alumini na mrututu

Ukizitazama haraka picha za vita vya Mfalme Qianlong wa Uchina, jicho linapotea. Karatasi moja ina upana unaokaribia sentimita 90, na imejaa watu: wapiga mishale juu ya farasi, mahema, bendera, milima nyuma ya milima. Rangi hakuna. Ni wino mweusi na karatasi tu. Kinachofanya mlima uonekane uko mbali na farasi wa mbele aonekane anakujia ni kina cha mstari. Mstari uliochimbika sana hubeba wino mwingi, wa juujuu hubeba kidogo. Jambo hilo halieleweki kwa kusoma, linaeleweka mkononi. Hapa tunaeleza namna ya kuchonga na kuchapa kipande cha ukubwa wa kiganja ukiwa Mwanza, kwa vitu vinavyopatikana kwa fundi alumini, duka la pembejeo na duka la vifaa vya shule: unapaka bamba la alumini kinga, unachora kwa kuifungua kinga hiyo, kisha dawa ya mrututu na chumvi inakula mistari uliyoifungua.

Jua kwanza unachokitazama, maana picha hizi ziko za aina tatu na si zote zinamfaa anayeanza.

Za kwanza ni 16. Kati ya 1755 na 1759 majeshi ya nasaba ya Qing, ukoo wa mfalme huyu, yaliwashinda Wadzungari, Wamongolia wa magharibi, kisha Waislamu wa miji ya kusini ya milima ya Tianshan, katika nchi inayoitwa leo Xinjiang. Mwaka 1765 mfalme aliagiza matukio ya vita hivyo yachongwe Ulaya. Michoro ilifanywa na wamisionari waliokuwa wachoraji katika kasri la Beijing: Giuseppe Castiglione, Jean-Denis Attiret, Ignatius Sichelbarth na Jean-Damascène Sallusti. Ilisafirishwa hadi Paris, na Charles-Nicolas Cochin akasimamia wachongaji waliokuwa hodari kuliko wote Ufaransa, akina Le Bas, Aliamet, Saint-Aubin na Choffard. Kazi ilianza 1767 na kuchukua takriban miaka saba. Castiglione alifariki 1766, hakuona hata moja. Nakala 200 za kila picha ziliagizwa, na mabamba yenyewe ya shaba yakarudishwa Uchina pamoja nazo; Ufaransa zilibaki chache tu.

Kwa kuwa zilibaki chache, Isidore-Stanislas Helman, mwanafunzi wa Le Bas, alichonga upya picha hizo kwa umbo dogo kuanzia 1783, ili ziuzwe kwa watu wa kawaida. Hiyo ndiyo aina ya pili, na nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni ni zake. Ukiona picha ina maelezo marefu ya Kifaransa chini yake, usidhani ni ya mfalme.

Aina ya tatu ilichongwa Beijing kwenyewe na mafundi wa kasri: vita vya Jinchuan katika milima ya Sichuan, vya Taiwan, vya Annam (Vietnam ya leo), vya Wagurkha wa Nepal na vinginevyo. Hapa mistari ni myepesi, vivuli ni vichache, na kina cha mistari hakibadiliki sana. Wapo wanaozidharau kwa sababu hiyo. Sisi tunaona wanakosea: milima ya Jinchuan yenye minara ya mawe imepangwa kwa ustadi mkubwa, na fundi alijua nini cha kuacha cheupe.

Kwa hiyo bamba lako la kwanza litoe Jinchuan, maana linahitaji kina kimoja au viwili tu. La pili ndilo liwe la Paris, lenye vina vitatu. Na kabla ya yote mawili, kaa mbele ya Jiwe la Bismarck au mawe yoyote ya mlimani Mwanza, uyachore kwa kalamu ya wino bila kupaka kivuli, kwa mistari sambamba tu inayofuata mzunguko wa jiwe. Anayeweza kulizungusha jiwe kwa mistari ataweza na tako la farasi, kwa sababu kazi ni ileile.

Kuchagua kipande

Usijaribu picha nzima. Bamba letu ni sentimita 10 kwa 14. Katika ukubwa wa asili, eneo hilo linatosha kikundi cha wapanda farasi na kipande cha mlima nyuma yao. Pakua picha kutoka kwenye hifadhi ya makumbusho yenye picha kubwa, usitumie ile iliyopigwa na simu kutoka kitabuni: nukta za uchapaji wa kisasa zitaifunika mistari na hutajua fundi alipitisha chombo wapi. Kwa bamba lako la Paris, picha nzuri ya kuanzia ni ile ya uvamizi wa Gädän-Ola mwaka 1755, ambapo Ayusi, mpiganaji wa upande wa Qing, aliingia kambi ya adui akiwa na wapanda farasi wasiozidi 25. Nyuso ziache. Alumini hailiki kwa ulaini wa shaba, kingo za mstari huwa na punje, na uso wa milimita nne utatoka kama doa. Mahema, manyoya ya shingo ya farasi, mawe na miti vinastahimili.

Chapisha kipande hicho kwa ukubwa wa bamba, kisha kinakili kwa penseli kwenye karatasi angavu. Bamba huchapa kinyume, kwa hiyo karatasi hiyo lazima ilazwe ikiwa imegeuzwa. Kipimo cha kujua kama umegeuza ni wapiga mishale. Katika picha hizi wanashika upinde kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa wa kulia. Kwenye bamba waonekane wanashika kwa kulia. Ikiwa bambani wako sawa, kwenye karatasi jeshi zima litatoka la watumia shoto.

Bamba

Tafuta alumini bapa yenye unene wa milimita 1. Mafundi wa madirisha ya alumini na watengeneza mabango huwa na vipande vilivyobaki. Usitumie bati la kuezekea: hilo ni chuma kilichopakwa zinki, dawa italila ganda na kukuachia kutu.

Piga kingo zote nne kwa tupa zilale kwa nyuzi 45, kisha zilainishe kwa msasa. Ukingo mkali utakata karatasi siku ya kuchapa, na hata flaneli, kitambaa kinacholazwa juu yake. Sugua uso kwa msasa wa maji namba 400, halafu 800, halafu 1200, ukielekea upande mmoja tu kwa kila namba ili ujue mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Malizia kwa dawa ya kung'arishia shaba. Kila mkwaruzo uliobaki utashika wino na kuonekana angani kama mvua.

Sasa ondoa mafuta. Saga chaki ya ubaoni, changanya na sabuni ya unga na maji kidogo, sugua kwa kitambaa, suuza. Maji yakitandaa bamba zima kama kioo, ni safi. Yakijikusanya matone, bado. Kuanzia hapo shika kingo tu. Funika mgongo wa bamba kwa selotepu pana, vipande vikilaliana.

Kinga

Kinga ni tabaka jembamba linalozuia dawa isiguse alumini. Chukua mililita 100 za rangi nyeusi ya lami, ile ya kuzuia maji, gramu 20 za nta ya nyuki iliyoparuzwa, na mililita 60 za tapentaini. Chemsha maji kwenye sufuria, iepue, iweke mbali na jiko, ndipo uingize kopo lenye mchanganyiko ndani ya maji hayo na kukoroga hadi nta iyeyuke. Usiweke kopo motoni kamwe. Tapentaini hushika moto kwa mvuke wake kabla moto haujaigusa.

Paka kwa brashi laini, tabaka moja, liwe la rangi ya chai ya rangi na si nyeusi tii. Likiwa nene litabanduka vipande unapochora; likiwa jembamba mno dawa itapenya na kutoboa vidoa. Acha likauke saa 24.

Hapa ziwa lina neno lake. Wadudu wa ziwani wakitoka jioni na kufuata taa, bamba moja bichi linaweza kunasa makumi ya wadudu, na kila mguu wa mdudu ni tundu katika kinga. Paka asubuhi, kisha lifunike kwa boksi lisiloligusa. Na usichore saa nane mchana juani: nta inalegea, sindano inaburuza kinga badala ya kuichana.

Kuchora

Paka vumbi la chaki mgongoni mwa karatasi angavu, ilaze ikiwa imegeuzwa, pitisha penseli ngumu taratibu. Mistari itaonekana kwa weupe hafifu juu ya kinga. Chombo cha kuchorea ni sindano ya cherehani iliyochomekwa kwenye kijiti, ncha yake ikiwa imezungushwa kidogo kwenye msasa ili iteleze. Kazi yake ni kufungua kinga tu. Ukiisikia inakwaruza chuma, unabonyeza kupita kiasi. Kuchimba ni kazi ya dawa.

Nafasi kati ya mistari ndiyo inayowashinda wengi. Mistari itakayokaa muda mrefu kwenye dawa itapanuka, kwa hiyo iachane: kwa farasi wa mbele acha milimita 1, kwa watu wa katikati 0.7, kwa milima ya mbali 0.5. Chini ya hapo alumini haikubali. Kuta kati ya mistari zinaanguka na unabaki na shimo pana lisiloshika wino, ambalo huchapika kijivu mahali ulipotaka weusi. Itazame picha ya Paris kwa karibu, sehemu ya kivuli chini ya tumbo la farasi: fundi hakubana mistari, alipitisha safu ya pili kwa mshazari juu ya ile ya kwanza, na mara nyingine akatia nukta katika vidirisha vilivyobaki. Fanya hivyo.

Dawa

Mrututu ndio uleule unaouzwa kwa wakulima kwa ajili ya ukungu wa mimea. Yeyusha gramu 60 katika lita 1 ya maji, kwenye beseni la plastiki, kisha ongeza gramu 60 za chumvi ya mezani. Rangi itatoka bluu kwenda kijani. Bila chumvi mrututu hauishiki alumini, kwa sababu alumini ina ngozi nyembamba ya kutu yake inayoilinda, na chumvi ndiyo inayoivunja. Usitumie sufuria; itatoboka. Vaa glavu na miwani. Fanya kazi nje, kivulini, mbali na jiko la mkaa na sigara, kwa sababu mapovu yanayotoka yana haidrojeni, gesi inayowaka.

Kabla ya bamba lako, tengeneza kipande cha majaribio cha sentimita 3 kwa 10, kilichopakwa kinga siku ileile. Chora vikundi vitano vya mistari. Kitumbukize dakika 1, kitoe, suuza, kausha, funika kikundi cha kwanza kwa kinga. Rudisha hadi jumla itimie dakika 2, funika cha pili. Endelea 4, 8 na 16. Kisafishe, kichape, kitunze. Hicho ndicho kipimo chako cha dawa yako, joto lako na alumini yako, na kina thamani kuliko dakika zozote tunazoandika hapa. Kwenye kikundi cha dakika 1 utaona mistari kama ya penseli ngumu. Kwenye 16, ukipitisha kucha inakwama.

Kwa bamba la Paris, mpangilio wa kuanzia wa vina vitatu uwe hivi. Bamba zima linaingia dakika 2. Litoe, suuza, likauke kabisa, kisha funika anga na milima ya mbali kwa kinga ukitumia brashi nyembamba. Rudisha dakika 3, jumla 5, ufunike watu wa katikati. Rudisha dakika 7, jumla 12, ambazo zinawahusu farasi wa mbele, mashina ya miti na vivuli vya ardhini tu. Usiwe na haraka ya kukausha: kinga ikipakwa juu ya unyevu haishiki, na dawa itapita chini yake hadi milimani.

Wakati wote huo mistari inajaa tope jekundu la kahawia. Hiyo ni shaba inayotoka kwenye mrututu na kuchukua nafasi ya alumini. Ifagie kwa unyoya wa kuku bila kukandamiza. Isipofagiwa, inaziba mstari, dawa inakula pembeni na mistari inatoka na meno. Beseni likipata joto la kuhisika mkononi, toa bamba usubiri. Dawa ya moto inakula haraka na kubandua kinga. Rangi ya kijani ikififia hadi maji kuwa meupe, dawa imekufa.

Dawa iliyotumika isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Mwanza inashuka, mingine kupitia Mto Mirongo, na mwisho wake ni ziwani. Mrututu unaua samaki, na zamani ulitumika kuulia konokono wa kichocho. Tumbukiza vipande vya alumini hadi rangi yote iishe, kisha tia magadi kidogo kidogo mpaka yaache kutoa povu na utando mweupe uzame chini. Chuja kwa kitambaa kizito. Tope likauke, lifungwe kwenye mfuko na kwenda na taka. Maji ya chumvi yaliyobaki yaende chooni.

Kuchapa

Safisha kinga kwa tapentaini, kisha kwa sabuni. Karatasi iwe ya rangi za maji, gramu 200 au zaidi. Ya fotokopi itachanika. Iloweke nusu saa, ifinye kati ya taulo mbili. Iwe laini kama khanga iliyoanuliwa ikiwa na unyevu kidogo, isiwe na mng'ao wa maji: maji yakimeta, wino utakataa kushika.

Wino mweusi mzito wa mafuta unapatikana kwenye viwanda vya uchapaji. Kama unanata kama ulimbo, ongeza matone machache ya mafuta ya kitani. Kama unatiririka, ongeza unga wa chaki. Weka bamba juani dakika tano lipate uvuguvugu, paka wino kwa ukingo wa kadi ya plastiki ukiusukuma ndani ya mistari kutoka pande zote nne. Kwa kufutia unahitaji shashi iliyotiwa wanga: ichovye kwenye uji mwepesi wa muhogo, ianike, kisha ifikiche hadi iwe ngumu kidogo lakini inakunjika. Shashi laini huingia kwenye mistari na kunyonya wino wote. Futa kwa mzunguko, bila nguvu, ukibadili upande wa kitambaa. Mwishoni pitisha ubavu wa kiganja uliopakwa chaki, mara moja moja, kwenye anga na sehemu zinazotakiwa kuwa nyeupe. Mbele acha utando mwembamba wa wino, utatia uzito.

Kwa bamba dogo hivi mashine ya mkono ya kutengenezea tambi inatosha, ile yenye upana wa sentimita 15, ikibanwa vizuri mezani. Isirudi tena jikoni. Panga hivi kutoka chini: manila, bamba uso juu, karatasi yenye unyevu, karatasi moja ya gazeti, flaneli iliyokunjwa mara mbili. Anza na nafasi pana ya roli, jaribu bila wino hadi ukingo wa bamba uache alama wazi kwenye karatasi, ndipo upake wino. Zungusha mkono bila kusimama, maana ukisimama pale patabaki mstari. Ukitaka mabamba makubwa, fundi wa kuchomelea anaweza kukuundia mashine ya roli mbili, lakini sisitiza shafti nzima ya chuma. Bomba litajikunja na picha itafifia katikati.

Inua karatasi kutoka pembe moja, polepole, na ukiitazama anza na makosa. Vidoa vyeusi angani ni kinga iliyotobolewa au vumbi. Mstari mweupe ndani ya mstari mweusi ni wino usioshuka: ongeza uvuguvugu au mgandamizo. Picha yenye kivuli mara mbili imeteleza, kwa sababu karatasi ilikuwa na maji mengi au flaneli imejikunja. Ikiwa mbele na mbali vimetoka na weusi uleule, tatizo liko kwenye dakika zako, na hilo haliponi kwa wino. Funika bamba zima kwa kinga upya, fungua mistari ya mbele tu kwa sindano, na urudishe bamba kwenye dawa.

Kausha nakala kati ya mbao mbili na karatasi za gazeti, ukizibadili kila siku kwa siku nne. Msimu wa mvua ongeza siku, la sivyo ukungu wa kahawia utaanza pembeni. Alumini ni laini: tarajia nakala 20 au 30 nzuri, na mistari ya milima ya mbali ndiyo itakayoanza kufutika. Kwa hiyo nakala tano za mwanzo zitenge, uziandike namba kwa penseli chini ya alama ya bamba, upande wa kushoto, kabla hujaendelea na nyingine.